Motokultere iliyolala nyuma ya depo: kuipima, kuitengeneza na kulima nayo



Karibu kila koperative tunayotembelea huku Kingamyambo, kuanzia pembeni ya Kolwezi mpaka njia ya Mutshatsha, kuko motokultere moja iliyolala nyuma ya depo. Kuku wanataga chini yake. Tairi zimekwisha upepo, na kwenye mikono yake ba mama wamefunga kamba ya kuanikia nguo. Ukiuliza, wanakuambia: "Ile ilikufa zamani." Ilikufa na ugonjwa gani? Hapo kila mtu ana jibu lake.

Somo la mwezi huu ni juu ya ile mashine. Tunalitoa sasa, kipwa kikiwa kinaisha, juu mvua ikishaanza hakuna mtu atakayepata wakati wa kufungua motere. Mahindi yetu yanataka kuingia ndani ya udongo kati ya tarehe 15 ya mwezi wa 11 na tarehe 15 ya mwezi wa 12. Anayechelewa kupita hapo, mara nyingi anavuna mabua. Na mikono ya kushika jembe imepunguka: vijana wengi wamekwenda machimboni kutafuta kobalti, na mshahara wa siku moja ya kule hatuwezi kuulipa shambani. Tusidanganyane juu ya hilo. Ndiyo maana koperative nyingi zinatuuliza kama mradi utawaletea trakta mpya. Jibu langu ni lilelile: kabla ya kuomba mpya, mupime ile ya zamani. Nyingine kweli imekufa. Nyingine iko na maji ndani ya tanki ya mazuti, basi.

Ni mashine gani

Motokultere ni trakta ya magurudumu mawili. Mtu anatembea nyuma yake na kushika mikono. Watanzania wanaiita pawatila. Zile tunazokuta nyingi ni za Kichina, na motere ya mazuti yenye silinda moja iliyolala. Mufute matope kwenye kibao cha motere, musome. Mukikuta S195, hiyo ni motere ya nguvu ya farasi 12, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, na ni ndugu wa motere zinazozungusha mashine za kusaga unga vijijini. Andikeni maneno ya kile kibao ndani ya daftari ya koperative. Bila hayo, muuza piyesi atawauzia chochote.

Musiifananishe na trakta kubwa. Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, kampuni za migodi zilitakiwa kulima kila moja hektari 500 za mahindi. Kazi ya namna ile ni ya trakta kubwa, na trakta kubwa inavunja udongo mkavu juu ina uzito. Yetu ni nyepesi. Hili neno "nyepesi" mulishike, tutarudi kwake.

Tanzania walijifunza jambo hili kwa kulipa. Mwaka 2009 serikali yao ilitangaza Kilimo Kwanza, na pawatila zikaingia kwa maelfu katika wilaya. Kwenye mabonde ya mpunga, udongo ukiwa laini na maji, zilifanya kazi muzuri. Kwenye mashamba ya juu yenye udongo mkavu na mgumu, nyingi zilisimama: gurudumu linazunguka mahali pamoja, visu vinaruka juu ya udongo, piyesi haipatikani karibu, dereva hakufundishwa. Bangladesh ni upande mwingine wa habari. Kule mafuriko ya mwaka 1988 yaliua ng'ombe wengi wa kulimia, serikali ikafungua njia ya kuingiza motokultere za Kichina kwa bei ndogo, na leo ziko kwa mamia ya maelfu. Mashine za Bangladesh hazikuwa bora kuliko za Tanzania. Ila kule piyesi inauzwa kwenye soko la karibu, fundi yuko karibu, na mwenye mashine anawalimia majirani kwa malipo.

Sisi huku tuko na nini? Kuko vitu viwili ambavyo watu wa sehemu nyingine hawana. Cha kwanza ni ba papa waliotoka Gécamines. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile kampuni katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na kati yao kulikuwa mekanisie, sudere na watu wa turneri. Wengine bado wako Kolwezi na Likasi, wamezeeka lakini mikono inakumbuka. Mtu aliyefungua motere ya kamio ya mgodi hatashindwa na silinda moja. Cha pili ni zile mashine za kusaga unga. Kila kijiji kinachokula bukari kiko na moja, na mahali kuko mashine ya kusaga kuko pia mtu anayeuza segma, anjektere na jwenti. Kama motere ya motokultere yenu ni aina moja na ya mashine ya kusaga, piyesi zake ni zilezile. Lakini muangalie kibao: R175, R180, S195 na ZS1100 zinafanana kwa sura, ila pistoni ya moja haiingii ndani ya nyingine.

Kuipima kabla ya kutoa hata franka moja

Kosa linalokula pesa za koperative ni kununua piyesi kabla ya kujua ugonjwa. Tunaona koperative inanunua pompa mpya ya mazuti, kisha anjektere, kisha bateri ambayo mashine haina hata mahali pa kuiweka. Upimaji ninaoueleza hapa unataka asubuhi moja, kle chache, bidoni ya mazuti safi na mtu wa kuandika.

Muanze na volani, lile gurudumu kubwa la chuma la pembeni. Muweke vitesi kwenye nyutra, mulizungushe kwa mkono. Likikataa kabisa, musipige na nyundo, wala musiivute mashine kwa kamio. Mutoe anjektere, mumimine ndani ya silinda kikombe kidogo cha mazuti kilichochanganywa na mafuta ya motere nusu kwa nusu, mungoje siku mbili, kisha mujaribu tena polepole, mbele na nyuma. Mara nyingi ni kutu tu iliyoshika segma. Likifunguka, muzungushe motere mara nyingi wakati anjektere bado iko nje, ili yale mafuta yatoke yote. Yakibaki ndani na mukawasha, pistoni itayagonga na kitu kitavunjika.

Volani likizunguka, mupime mgandamizo wa hewa. Mufunge kila kitu, muachie ile leva ndogo ya kuondoa mgandamizo, muzungushe polepole. Motere nzima inakataa kama mtu anayesukuma mlango kutoka ndani, kisha inarudisha mkono nyuma. Hiyo ni dalili nzuri sana. Kwa macho yangu, nusu ya kazi imekwisha. Ikipita laini bila kukataa, hewa inatoroka mahali. Mumimine kijiko kimoja cha mafuta ya motere kwenye njia ya hewa, muzungushe mara kadhaa, mupime tena. Mgandamizo ukirudi, segma ao silinda zimekwisha. Usiporudi, ugonjwa uko kwa supapu ao kwa jwenti ya kichwa, na hiyo ni bei ndogo. Kijiko kimoja, si kikombe.

Kisha mafuta. Mufungue bulo ya chini, muyaachie yashuke ndani ya beseni safi. Yakiwa meusi, ni uzee wa kawaida. Yakiwa meupe kama maziwa ya chai, maji yameingia: mutafute jwenti iliyopasuka ao ufa. Yakiwa na vumbi linalong'aa kama shaba, rulma ao vitu laini vya ndani vinakwisha, na hapo muite fundi kabla ya kuendelea. Mufanye vilevile na mafuta ya sanduku la vitesi. Mupitishe kidole chini ya beseni: vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole ni meno ya gia yaliyovunjika.

Mwisho muangalie mwili wa chuma. Ufa kwenye mikono, kwenye kiti cha motere ao kwenye ndoano ya nyuma, sudere anafunga. Ufa kwenye bloki ya motere ao kwenye sanduku la vitesi ni habari mbaya, juu ile ni fonti na si kila sudere anaweza kuifunga.

Sasa muamue. Kipimo changu ni hiki: kama bloki, vilbrekeni (ule mti wa chuma unaozungushwa na pistoni) na sanduku la vitesi ni vizima, mashine itengenezwe, hata kama mengine yote yameharibika. Kama viwili kati ya vile vitatu vimekufa, iuzwe piyesi kwa piyesi, ao ilishe motokultere nyingine ya koperative jirani. Hili la pili linaumiza, najua, hasa kama mashine ilitolewa na mtu mkubwa siku ya sherehe. Lakini mashine mbili zilizokufa zinaweza kuzaa moja nzima, kama koperative mbili zinakubali kukaa chini na kuandika karatasi ya nani ana sehemu gani.

Kuhusu zile za esansi, za Ulaya, ambazo mara moja moja tunazikuta: karibu zote zinaugua mambo matatu. Esansi ya zamani imekauka ndani ya karbiratere na kuziba matundu madogo, mutumie upepo wala si waya. Platine ya moto imeshika kutu, muisugue na karatasi laini ya msasa. Bujii imekufa. Ikiwa haya matatu ni mazima na mashine bado haiwaki, mupime mgandamizo kama juu.

Mazuti, hewa na vumbi

Motere ya mazuti haikufi na uzee haraka. Inauawa na vumbi na maji. Barabara zetu za kamio za migodi munazijua; vumbi lile lekundu lina mchanga mgumu mdogo sana, na likipita ndani ya silinda linasugua kama msasa. Motere za zamani ziko na filtere ya hewa yenye mafuta chini, kama bakuli. Wakati wa vumbi muifungue kila siku ya kazi. Matope yakijaa chini ya bakuli unene wa kidole, mutupe, muoshe na mazuti, mutie mafuta mapya mpaka kwenye alama, musipitishe. Nimeona vijana wanatoa filtere "ili motere ipumue". Inapumua kweli, inapumua udongo. Msimu mmoja tu na segma zimekwisha.

Mazuti tunayonunua kwa bidoni pembeni ya barabara yako na maji na takataka. Bidoni isimame mahali pamoja siku nzima na usiku, kisha muvute kutoka juu kwa mpira, muache vidole vinne vya chini. Mupitishe ndani ya kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Tanki ijazwe jioni kisha kazi, siyo asubuhi, juu tanki yenye nafasi usiku wa baridi inatengeneza maji yake yenyewe kwa ndani.

Kila mara njia ya mazuti ikifunguliwa, hewa inaingia, na motere yenye hewa haiwaki hata mukizungusha mpaka jioni. Mulegeze bulo ndogo juu ya filtere ya mazuti, muache yatiririke mpaka mapovu yaishe, mufunge. Kisha mulegeze mdomo wa bomba la chuma kwenye anjektere, muzungushe motere, na mazuti yakitoka bila mapovu mukaze. Mkono usikae mbele ya anjektere inayorusha: mazuti yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali hata kama kinaonekana kidogo kama tundu la sindano.

Nafasi ya supapu, kwa S195 ikiwa baridi, ni milimita 0.35 kwa supapu ya kuingiza hewa na milimita 0.45 kwa ile ya kutoa moshi. Vibamba vya kupimia vinauzwa mjini. Siku hauna, karatasi nyeupe ya fotokopi ni karibu milimita 0.1; karatasi nne zilizobanwa zitakuokoa mpaka vibamba vifike. Mikanda ya motere, ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba, ishuke santimetri 2 mpaka 3. Mmoja ukikatika, mubadilishe yote pamoja. Mpya na ya zamani hazivuti sawa.

Motere nyingi za namna hii zinapozwa na maji ndani ya sanduku la wazi juu ya silinda. Maji yakichemka na kutoa mvuke, musiogope, zilitengenezwa hivyo. Kazi yenu ni kuongeza kabla hayajapunguka sana. Mutumie maji ya mvua ao ya kisima. Maji ya mito inayopokea maji ya viwanda musiyatie: yana asidi na yanakula chuma. Na kama mulisahau, motere ikakauka na kuwaka moto, muizime, mungoje ipoe kabisa. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanapasua bloki, na ndiyo mwisho wake.

Kuiwasha

Vitesi kwenye nyutra, ambreyaji imevutwa, mtoto yeyote mbali. Manivele inashikwa na vidole vyote upande mmoja, gumba pamoja na vingine, ili ikirudi kwa nguvu iponyoke mkononi bila kuvunja mkono. Ba mama wanaoendesha, na wako wengi sasa, tena wanatunza mashine kuliko ba papa, kikwembe kifungwe ao kivaliwe suruali. Mikanda haina huruma na kitambaa. Musiwashe ndani ya depo iliyofungwa, ule moshi unaua bila kelele.

Kama motere ilitiwa mafuta mengi ndani ya silinda na ikaanza kukimbia yenyewe, kufunga mazuti hakutaisimamisha. Muzibe njia ya hewa kwa ubao ao kitambaa kizito. Ubao huo ukae karibu siku ya kwanza ya kuwasha.

Sasa shambani

Hapa ndipo lile neno "nyepesi" linarudi. Musianze kulima udongo mkavu. Mungoje mvua mbili ao tatu za nguvu, kisha muchimbe kwa panga: unyevu ushuke santimetri 15 mpaka 20. Mushike udongo wa chini, muufinye ndani ya ngumi. Ukishikamana na kuvunjika mukiugusa kwa gumba, siku imefika. Ukibaki kama udongo wa matofali na kuacha ngumi imechafuka, mungoje siku mbili, juu kulima matope kunatengeneza mabonge ambayo jua litayafanya mawe. Upepo wa tairi shambani uwe mdogo, karibu bar 1, ili zishike.

Kabla ya mashine kuingia, watu watembee shamba lote. Mashamba yetu mengi yalikuwa pori la miti iliyokatwa kwa makala, na visiki viko chini ya majani. Kila kisiki kisimamishiwe mti wenye kitambaa, na vichuguu vizungukwe. Kisu kilichopinda kwenye kisiki, muhunzi anaweza kutengeneza kingine kwa chuma cha resori ya kamio, lakini meno ya gia yaliyovunjika kwa ajili ya kisiki hayatengenezwi na muhunzi.

Sasa hesabu, na ninaomba karani wa koperative aisome mbele ya mkutano. Hektari moja ni meta 100 kwa 100. Sharu ndogo inakata upana wa santimetri 20. Ili kugeuza hektari nzima, mtu anatembea nyuma ya mashine kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ni karibu saa 17, bila kuhesabu kugeuka, kupumzika na mazuti. Ni siku mbili mpaka tatu. Visu vya kuzunguka vyenye upana wa santimetri 60 vinapunguza safari: karibu kilomita 17, tuseme 20 juu lazima mistari ipandane kidogo. Lakini vinataka udongo laini usio na visiki, na vinasaga udongo kuwa unga ambao mvua ya kwanza kubwa inaubeba.

Kuko njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda kwa motokultere ya zamani. Hatugeuzi shamba lote. Tunapasua mistari ya kupandia tu. Majirani zetu wa Zambia wanafanya hivyo miaka mingi na ng'ombe, kwa jino la chuma linaloitwa Magoye. Sudere wa Kolwezi anaweza kutengeneza jino la namna hiyo na kulifunga mahali pa sharu. Mistari ikiachana santimetri 75, hektari moja ni mistari ya kilomita 13 na kidogo. Kwa mwendo uleule ni saa nne na nusu. Hata mukikawia, siku moja inatosha. Jino lishuke santimetri 12 mpaka 15; mukitaka zaidi, mupite mara ya pili, musilazimishe mara moja. Mbegu inakwenda ndani ya mstari, mbegu moja kila santimetri 25, na mbolea kidogo munayo inakwenda palepale badala ya kutupwa shamba zima.

Njia hii iko na bei yake, sifichi. Majani katikati ya mistari hayakugeuzwa, kwa hiyo munayafyeka kabla, na palizi ya kwanza ifanyike wiki ya pili ao ya tatu, si ya tano. Familia isiyoweza kupalilia mapema, afadhali igeuze eneo dogo kuliko kupasua eneo kubwa na kulipoteza.

Sasa jambo linalogombanisha watu. Kati ya tarehe 15 ya mwezi wa 11 na tarehe 15 ya mwezi wa 12 kuko siku 30. Mutoe siku za Mungu, siku za mvua, siku za udongo kulowa sana na siku ya mashine kuharibika, maana itaharibika. Zinabaki labda 18. Kwa sharu, mashine moja inamaliza hektari 6 mpaka 9. Kwa jino, karibu 18. Koperative ya watu 40 wenye nusu hektari kila mmoja ni hektari 20. Ona sasa: kwa sharu, zaidi ya nusu ya wanamemba watangoja bure, na walichanga kama wengine. Tumeona koperative inavunjika kwa ajili hiyo, siyo kwa ajili ya pistoni. Kwa hiyo kura ya nani wa kwanza ipigwe sasa, wakati wa kipwa, mbele ya watu wote, na iandikwe. Wajane na wazee wasiokuwa na mikono nyumbani wawekwe mbele. Hilo ni pendekezo langu, koperative itaamua. Shamba la rais wa koperative liingie kwenye kura kama la mtu mwingine yeyote. Na mashamba yaliyo jirani yalimwe siku moja, ili mashine isile mazuti njiani.

Bei ya kulimiwa musiichukue kwa koperative nyingine. Mupime yenu. Mujaze tanki mpaka mdomoni, mulime kipande cha meta 20 kwa 50, murudishe mazuti mpaka mdomoni kwa chupa ya litre moja mukihesabu. Kile kipande ni sehemu moja ya kumi ya hektari. Ikiwa ilikula litre 2 na nusu, hektari ni litre 25. Juu ya bei ya mazuti muongeze mafuta ya motere, ambayo yanabadilishwa kila saa 100 za kazi, na kisha matengenezo makubwa mara ya kwanza yabadilishwe mapema, saa 20 ao 30. Muongeze posho ya dereva. Kisha muongeze pesa ya piyesi, na hii ikae kwa sanduku lake, na ufunguo kwa mtu mwingine kuliko yule anayeshika daftari.

Dereva mmoja, na msaidizi mmoja anayefundishwa. Kila mtu akishika mashine, hakuna anayejua ilianza kulia sauti mbaya siku gani. Dereva ajue mambo mawili kabla ya yote. La kwanza: visu vya kuzunguka vizimwe kila mara mashine inaporudi nyuma, juu ikirudi nyuma inakuja juu ya miguu yake. La pili linashangaza watu: kwenye mteremko, mashine ikishuka, leva za kugeuzia zinafanya kinyume. Ukibana ya kushoto, inakwenda kuume. Ajifunze hilo kwenye mteremko mdogo bila tela, kabla hajapakia magunia ya mahindi na kushuka nayo kwenye daraja.

Kisha msimu

Mahindi yakishapandwa, motokultere haina sababu ya kulala. Inaweza kuvuta tela, kupampu maji ya mboga wakati wa kipwa, ao kuzungusha mashine ya kupukuchua. Kama itasimama zaidi ya mwezi mmoja, muoshe matope, mutoe maji yote kwenye sanduku la kupozea, mujaze tanki mazuti, mubadilishe mafuta ya motere kabla ya kuilaza, siyo kisha, juu mafuta machafu yana asidi. Muzungushe volani mpaka mahali inapokataa, ili supapu zote mbili ziwe zimefungwa na unyevu usiingie ndani ya silinda. Muinue magurudumu juu ya matofali, mufunike na hema, na bomba la moshi muliweke kopo juu. Mara moja kila wiki mbili mtu aizungushe kwa mkono na kuandika tarehe. Kuku watafutiwe mahali pengine.